Ukucha Chini ya Rangi

Jumanne, 22 Oktoba

Daftari hili ni la Blessing, la hesabu, darasa la tatu. Alijaza kurasa sita, mwalimu akasema anataka lenye mistari mipana, likabaki. Nimelichukua mimi mama yake kwa sababu nina jambo nisiloweza kumwambia mtu, na jambo likinikaa tumboni huwa nagombana na wasio na makosa. Leo nimemfokea Generosa, mwenzangu wa saluni, kwa ajili ya kitana.

Jambo lenyewe ni dogo. Kwenye ukucha wa kidole gumba changu cha kushoto, pembeni, kuna doa la njano lenye ukubwa wa punje ya mtama. Nimelisugua kwa tupa, halitoki. Nimeloweka kidole kwenye maji ya limau, halitoki. Mtu mwingine angecheka. Lakini mimi Eunice kazi yangu ni kucha. Nakaa kwenye kigoda hapa saluni kwetu Nyasubi tangu asubuhi, miguu ya watu ikiwa mapajani mwangu, na mteja akiinamisha kichwa kitu cha kwanza anachokiona ni vidole vyangu. Fundi wa kucha mwenye ukucha mbovu atamwambia nini mtu?

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Alhamisi, 24 Oktoba

Lipo. Joto kali, vumbi, umeme umekatika tangu saa nne.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya Champaben. Huu ni mwaka wa nne anakuja kwangu kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi. Mwanawe Vinod, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi na magambuti ya mpira, humleta kwa gari, humshika mkono hadi mlangoni, kisha hurudi kukaa garini na simu yake. Mama huyu ni Mhindi, ana miaka sabini na tatu, amezaliwa hapa hapa Kahama, na Kisukuma chake kinaniaibisha mimi mwenye kabila.

"Mwangaluka, Mama Blessing," anasema akiingia, kabla sijawahi kumpa shikamoo yake.

Nampenda, na namwogopa kidogo. Ana sukari. Mumewe naye alikuwa nayo, akakatwa mguu chini ya goti, na alichonieleza Champaben siku ya kwanza kabisa alipovua viatu ni hicho. "Kwa marehemu ilianza na kidole," alisema. "Mimi siwezi kuinama, macho hayaoni huko chini, na mkwe wangu anaogopa kunikata. Kwa hiyo miguu yangu nakuachia wewe. Uiangalie kama yako." Tangu siku hiyo kila nikiishika nahisi nimebeba chungu cha mtu kilichojaa maji.

Alitaka apendeze kwa Divali. Kucha za mguu zinakuwa ngumu uzeeni, kwa hiyo natumia lile koleo langu dogo badala ya mkasi. Nikakata, nikasugua, nikapaka nyekundu. Kidole gumba changu nilikikunja ndani ya kiganja muda wote. Hakuona.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele, watoto wanakimbia uani uchi. Harufu ya udongo ikanifurahisha nikasahau kidole kwa muda wa saa moja hivi.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika haraka, Masalu yupo bafuni.

Amekuja jana kutoka Geita. Mume wangu anafanya kazi kwenye mwalo, pale wanapoosha mawe yaliyosagwa ili watoe dhahabu, na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Akirudi tuna desturi yetu. Namkalisha kwenye kiti, namletea beseni la maji ya moto yenye chumvi, naisugua miguu yake, namkata kucha. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilianza tulipooana, na yeye huwa anafumba macho kama mtoto anayenyolewa.

Kucha zake zilikuwa mbaya muda mrefu, lakini mimi nilihesabu ni kazi, ni mawe. Leo nilizitazama vizuri mchana kweupe. Kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nene, za njano inayoelekea kahawia, na ukigusa ncha inamomonyoka unga. Pembeni kuna doa. Doa lile lile la kwangu.

Nikamuuliza, "Baba Blessing, hizi zimeanza lini?"

"Ah, hizo. Zipo kwa kila mtu kule. Ni gambuti."

"Gambuti zinafanyaje?"

"Magambuti ni ya mwalo, si ya mtu. Zamu ya mchana ikitoka inavua, ya usiku inavaa. Unaingiza mguu, ndani bado pana joto la mwenzako, na maji yake." Akacheka. "Tunaita kurithi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika lile koleo. Koleo la saluni. Kila mara anapokuja nalileta nyumbani kwenye mkoba kwa sababu kucha zake hazikatiki kwa mkasi, halafu naliosha kwa sabuni, nalirudisha kazini. Nililileta hata mwezi uliopita. Na baada ya hapo nililitumia kwa nani? Nimekaa nahesabu. Mama mwenye duka la vitenge. Mwalimu wa sekondari. Wasichana wawili wa kitchen party. Na Champaben, siku tatu kabla ya Divali.

Tangu leo najua. Nimeandika tarehe ili nisijidanganye baadaye.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilichemsha koleo, mkasi na tupa kwenye sufuria ya ugali kabla ya jua kutoka, Blessing akauliza tunapika nini. Champaben alipokuja niliinua kila kidole chake kuelekea dirishani. Safi. Vyote kumi. Nilitaka kulia kwa furaha. Nilikuwa nimepanga kumwambia, lakini nikaona, nimwambie nini sasa, na kucha ni safi? Nimwekee hofu bure mama wa watu?

Alhamisi, 14 Novemba

Doa langu limefika nusu ya ukucha. Leo nimebandika kucha za bandia mikono yote miwili, za rangi ya maziwa, ndefu, na gundi nyingi kwenye kidole gumba. Wateja wamezisifia. Generosa, ambaye tunachangia chumba, yeye nywele mimi kucha, ametazama na kusema tu, "Jino la pembe si dawa ya pengo, shoga." Sijui anajua nini. Hana adabu huyu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Tope hadi kwenye kizingiti. Watu wanaingia na miguu iliyoloa, inanuka soksi, na mimi kila mguu nauona kama adui.

Jumatatu, 25 Novemba

Champaben. Kucha zake safi, au naziona safi. Kulikuwa na wingu, taa hakuna.

Jumatatu, 2 Desemba

Ukucha wa bandia umeng'oka wenyewe nikiwa nafua. Chini yake palikuwa pamelowa. Ukucha wangu umegeuka kijani, kijani ya maji ya bwawa, na una harufu. Nimekaa chini kwenye sakafu ya uani na kitambaa cha Blessing mkononi.

Nimepaka kitunguu saumu. Nimepaka siki. Baadaye nikapaka hadi dawa ya kufulia nguo nyeupe, ikaniunguza ngozi, ukucha haukujali. Nikawaza saratani. Nikawaza ukoma, maana bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za ukoma. Nikawaza ule ugonjwa mwingine pia, na Masalu alivyo mbali kule Geita mwezi mzima. Akili ya mtu mwenye hofu haina kizingiti, kila kitu kinaingia.

Jumatatu, 9 Desemba

Ee Mungu.

Kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilipoifuta rangi ya zamani nililiona mara moja, kwenye ncha, upande wa nje: doa jeupe linaloelekea njano. Dogo. Champaben alikuwa ananisimulia habari za mjukuu wake anayetaka kusomea urubani. Nikainama zaidi. Nikakwangua kidogo, ukatoka unga.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Naangalia rangi gani itakupendeza, mama."

"Nyekundu. Kwani mimi huwa napaka rangi gani?"

Nikapaka nyekundu. Kwa kawaida napaka mara mbili, leo nimepaka mara tatu. Ilipendeza sana na mimi nilijichukia sana. Vinod alimshika mkono wakaenda. Nilibaki naangalia nyayo zake kwenye tope mpaka Generosa akaniuliza kama nimeona nyoka.

Jumapili, 15 Desemba

Leo ni siku ndefu.

Masalu alikuja juzi, na sikumwosha miguu. Nilimwambia nimechoka, akanitazama kwa huzuni. Asubuhi hii nilikuwa kanisani na Blessing. Tuliporudi tukamkuta uani ameng'ang'ania ukingo wa karo, meno yamekaza, machozi yanatoka. Jirani mwenye gereji alimpa maji ya betri. Kule mwalo wanasema ndiyo dawa: unachovya pamba, unaweka juu ya ukucha, wadudu wanakufa. Kumbe akamwaga badala ya kuchovya. Ngozi ya kidole ilikuwa imekuwa nyeupe kama kuku aliyenyonyolewa, inachuruzika.

Nilimmwagia maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, nikampandisha bodaboda hadi zahanati. Zamu ilikuwa ya Bernadina, daktari mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye hacheki na mtu. Alisafisha, alifunga, alimsema.

"Wewe baba, ukucha ni kitu kilichokufa. Fangasi amekaa chini yake na ndani yake. Asidi haimfikii yeye, inakufikia wewe. Nani kakwambia?"

"Wenzangu, daktari. Wote tunazo."

"Wote mnavaa gambuti za pamoja, mbichi, bila soksi. Fangasi anapenda giza, joto na maji. Mmemjengea nyumba." Kisha akanigeukia mimi, na bila kuniomba akanishika mkono wa kushoto. Nilikuwa nimefunga kidole kwa kitambaa. Akakifungua. "Na wewe ulikuwa unaficha nini?"

Nililia hapo hapo mbele ya wagonjwa. Bernadina alisubiri nimalize. Hakunibembeleza, lakini alikata kipande cha ukucha wangu na cha Masalu akaviweka kwenye bahasha ndogo. Alisema si kila ukucha wa njano ni fangasi, mwingine ni kugongwa, mwingine ni ugonjwa wa ngozi, na ule mstari mweusi usiosogea ndio unaotaka kuonwa haraka, kwa hiyo hampi mtu vidonge vya miezi mpaka atazame kwa darubini. Rangi ya kijani, alisema, ni bakteria aliyelelewa na maji chini ya ukucha wangu wa bandia. Hapo nikaona jinsi nilivyojitengenezea mwenyewe.

"Unafanya kazi gani?"

"Kucha. Saluni."

Alivua miwani. "Vyombo unafanyaje?"

"Nachemsha."

"Tangu lini?"

"Siku zote," nikasema.

Alivaa tena miwani. "Una wateja wenye sukari?"

Nikasema yupo mmoja.

"Huyo usimguse. Mwenye sukari miguu yake hupoteza hisia. Ukucha ukinenepa unamchoma na hajui, akikatwa hajui, kidonda kinaoza na yeye anatembea. Ukiona kitu chochote kwenye kidole chake, mlete hapa siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Alhamisi, 19 Desemba

Majibu: fangasi, wote wawili. Hakuna saratani wala ukoma, na vipimo vingine nilivyoomba nipimwe viko salama. Wametupima na damu kwanza kwa sababu vidonge vinapita kwenye ini. Masalu ameambiwa asiguse pombe wakati wote wa dawa. Mimi wiki sita, yeye miezi mitatu. Ukucha mbovu hautageuka kuwa mzuri, utasukumwa nje na mpya unaoota nyuma yake. Wa mkono miezi sita, wa mguu mwaka au zaidi. Nimenunua koleo lingine, la Masalu peke yake.

Nafuu yangu ndiyo imenitisha zaidi, maana sasa hofu yote imehamia kwenye kidole kimoja tu.

Jumatatu, 23 Desemba

Nilijiapiza leo nitasema. Nilirudia maneno tangu nyumbani: mama, kuna kitu kwenye kidole chako, twende zahanati. Maneno manane tu!

Doa limekua. Ukucha umeanza kunyanyuka. Nikasema, "Mama..." Akasema, "Eeh?" Vinod akapiga honi nje. Champaben akacheka, "Huyu mtoto tangu azaliwe hana subira." Nikapaka rangi.

Sasa nawaza kwa nini. Si honi. Ni kwamba nikisema kidole ataniuliza kimetoka wapi, na nikijibu nitakuwa nimemkata mguu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, nani ajuaye, labda hakitoki kwangu, labda kitapona. Mwanamke mzima najiambia kitapona.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku. Masalu amechechemea kanisani. Sikuweza kuimba.

Jumatatu, 6 Januari

Nimemkata.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, Champaben akaja na viatu vya kufunika kwa sababu ya tope. Alipovua alisema kiatu cha kulia kimeanza kubana, nimpunguzie ukucha. Rangi ilipotoka niliona umekuwa mnene mara mbili, umejikunja, na pembeni ngozi nyekundu. Maneno ya Bernadina yalikuwa kichwani mwangu, kila neno. Mkono wangu ukachukua koleo. Nilikuwa nimelichemsha, hilo ni kweli.

Champaben alikuwa ananisimulia mwaka wa mvua kubwa, ng'ombe wa mtu alipoingia dukani kwa baba yake akala nusu gunia la sukari guru, na mwenye ng'ombe akadai alipwe kwa sababu ng'ombe aliharisha. Anajua kusimulia. Generosa alikuwa anacheka hadi kitana kimemdondoka. Mimi nilikuwa nabana ule ukucha, haukatiki, nikabana zaidi, ukakatika ghafla na ncha ya koleo ikaingia kwenye nyama.

Damu. Si nyingi, tone, halafu tone jingine. Nikainua macho nikisubiri apige kelele.

Aliendelea kusimulia. "Basi baba akamwambia, ng'ombe wako nimemlisha bure..."

Hakusikia kitu. Chuma kimeingia kwenye kidole chake na uso wake haukubadilika hata kidogo. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyouogopa uso ule unaocheka.

Nilikandamiza pamba mpaka damu ikaacha. Nikapaka dawa ya kidonda. Kisha, Mungu anisamehe, nikapaka rangi nyekundu juu ya ukucha, kwa uangalifu, nisipite kwenye kidonda. Akanishukuru. Akaniambia leo kiatu kimekaa vizuri.

Jumatano, 8 Januari

Mvua. Si kitu. Mikato midogo hupona.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepita mbele ya duka la Vinod mara mbili. Anacheka na wateja. Basi mama yake ni mzima.

Jumanne, 14 Januari

Ukucha wangu mpya unaonekana chini, mwembamba, wa waridi, safi. Nimeufunika, sitaki kuuona.

Jumatatu, 20 Januari

Hajaja.

Nilichemsha vyombo, nikaweka kiti, nikakaa. Saa tatu, saa nne, saa sita. Miaka minne hajawahi kukosa bila kupiga simu. Generosa akasema labda ni mvua. Mvua haikuwepo.

Alhamisi, 23 Januari

Generosa amerudi kutoka sokoni na habari: mama yake Vinod alishikwa na homa tangu Jumapili, mguu umevimba hadi kifundoni, wamempeleka hospitali kubwa Mwanza. Dukani yupo Vinod peke yake, amerudi kufuata nguo na karatasi, kesho anaondoka tena. "Wanasema ni sukari," alisema Generosa akijisukia nyuzi. "Sukari ndivyo ilivyo, ikitaka mguu inauchukua."

Nikafunga vyombo, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 24 Januari

Nilikuwa zahanati kabla Bernadina hajavaa koti lake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: koleo, Masalu, doa, rangi, mkato. Nilimwambia pia kwamba nilimdanganya kuhusu kuchemsha.

Nilitegemea atapiga kelele. Aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Fangasi hakuna awezaye kuapa ametoka wapi. Yule ni mzee, ana sukari, anavaa viatu vilivyoloa kama sisi wote. Pengine ni koleo lako, pengine bafu lake. Hilo sitakubebesha. Lakini huo mkato unaujua wewe peke yako, Eunice. Wanaomtibu kule hawaujui. Nenda kwa mwanawe sasa hivi."

"Ataniua."

"Hatakuua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio si cha kwako. Nenda."

Nilikwenda kwa miguu, sikutaka bodaboda inifikishe haraka. Vinod alikuwa anafunga duka. Nikamwambia. Sijui nilisema maneno gani. Nakumbuka alikuwa ameshika kufuli, na kadiri nilivyosema kufuli likashuka, likashuka, mpaka mkono ukawa umening'inia tu.

"Alikwambia uiangalie kama yako," alisema. "Nyumbani kila siku anatuambia, miguu yangu anayo Mama Blessing."

Akapiga simu Mwanza, akaongea na daktari, kisha akanikabidhi simu bila kunitazama. Sauti ya kijana ikaniuliza mkato ulikuwa upande gani, wenye kina gani, wa chombo gani, lini. Nikasema tarehe sita. Akahesabu. "Siku kumi na nane," akasema, na nikasikia anaandika. Akasema asante. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Vinod alichukua simu yake. "Usifike nyumbani kwetu," akasema, akaingia garini.

Jumamosi, 25 Januari

Siwezi kuandika. Simu iko mbele yangu.

Jumapili, 26 Januari

Wamekata kidole gumba. Bernadina amepewa habari na wenzake wa Mwanza. Wamesafisha kidonda, wamebadilisha dawa, wanaangalia kama uozo umesimama. Mguu hawajasema.

Jumatano, 29 Januari

Hawajasema.

Jumamosi, 1 Februari

Mguu umebaki. Nilipiga magoti jikoni, ugali ukaungua.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeanza kuzunguka kwa wateja. Mama wa vitenge kucha zake ni safi, akanifukuza hata hivyo. Mwalimu ana doa, na nilimpeleka mwenyewe kwa Bernadina. Msichana mmoja wa kitchen party amehamia Tabora, nimempigia. Habari zimeenea. Jana nilikuwa na mteja mmoja tu, leo hakuna.

Kitu kilichonishangaza ni Generosa. Nilidhani atahama chumba kabla sijamaliza kumsimulia. Aliniambia, "Nilikiona kidole chako tangu mwezi wa kumi na moja. Niliogopa kukuuliza nikaonekana nakuonea wivu." Kumbe hofu sikuwa nayo mimi peke yangu. Alinichorea tangazo kwa mkono: kila mteja aje na mkasi wake, mwenye sukari aende zahanati. Limekaa mlangoni linafukuza watu vizuri.

Jumapili, 16 Februari

Masalu amekuja. Kule mwalo amekataa kurithi. Amenunua gambuti zake na soksi za pamba, na akitoka zamu anazipindua juani. Wenzake wanamwita bwana harusi. Amekaa kwenye kiti chake cha uani, akanyoosha miguu, akaniuliza kama bado namkasirikia. Nilimwosha. Nilikausha katikati ya kila kidole mpaka akalalamika.

Jumatatu, 3 Machi

Simu ilikuwa ya Vinod. "Mama anakuita. Mimi sikubali, lakini anakuita."

Sikubeba chochote. Nilipofika Champaben alikuwa amekaa barazani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa bandeji nyeupe ambayo mbele ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa. Amekonda. Nikatoa shikamoo. Aliitikia, lakini hakunikaribisha kiti, nikakaa kwenye ngazi.

"Vinod ameniambia," alisema. "Sasa niambie wewe. Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe tisa Novemba, mama."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Nimekuja kwako Jumatatu tano baada ya hapo."

"Tano, mama."

"Mkono kuteleza, hata mimi nimewahi kumkata Vinod sikio nikimnyoa. Hilo nimelimaliza kule hospitali. Lakini Jumatatu tano uliishika miguu yangu, nikakusimulia mambo yangu, na ulikuwa unajua." Sauti yake haikupanda. "Miguu yangu hutaishika tena. Nakwambia mapema ili usiwe unaweka kiti unanisubiri."

Nikasema ndiyo, mama. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ngazi na sikuyafuta. Nilidhani amemaliza, nikainuka niage.

"Leta huo mkono."

Nikampa wa kulia. Akatikisa kichwa. Nikampa wa kushoto. Alivaa miwani yake, akakileta kidole karibu na uso, akakigeuza kwenye mwanga. Nusu ya chini ukucha mzuri, nusu ya juu bado ule mbovu. Alikibonyeza kidogo kwa kidole chake.

"Unauma?"

Tangu Oktoba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Hauumi, mama. Haukuwahi kuuma."

"Hata mimi haukuniuma," akasema, na akaendelea kuutazama.